Kibarua Asiye na Barua: Ujira na Mazingira ya Kazi katika Akiolojia ya Mikataba, Arua na Koboko

Ikisiri

Makala haya yanachunguza historia ya ujira na mazingira ya kazi ya wachimbaji wa akiolojia katika eneo la Arua na Koboko, kaskazini-magharibi mwa Uganda. Hoja kuu ni kwamba kati ya mwaka 1995 na 2023, sheria za mazingira, sheria za urithi na masharti ya wafadhili zilijenga soko la akiolojia lenye mlipaji anayejulikana na bidhaa inayojulikana, lakini lisilo na mwajiri anayejulikana. Pengo hilo lilizibwa na desturi ya zamani: kumwona mtu wa Nile Magharibi kuwa nguvu ya kazi ya bei rahisi. Makala yanaonyesha kwamba pengo hilo linamuumiza mchimbaji na pia linapunguza thamani ya ushahidi wa kihistoria unaopatikana. Mwishoni yanapendekeza hatua zinazowezekana ndani ya sheria zilizopo.

1.0 Utangulizi

Neno kibarua lina historia inayofaa kukumbukwa. Kamusi za Kiswahili za nusu ya kwanza ya karne ya 20 zinaeleza kwamba kibarua ni umbo la udogishi la neno barua: kipande cha karatasi alichopewa mfanyakazi wa kutwa, naye akakirejesha jioni ili alipwe. Katika miji ya pwani ya karne ya 19, watumwa walioruhusiwa na mabwana zao kufanya kazi za kutwa waliitwa vibarua pia, na sehemu ya ujira wao ilikwenda kwa bwana. Polepole jina la karatasi likahamia kwa mtu. Leo neno hilo linatumika kote Afrika Mashariki, ila karatasi yenyewe imetoweka. Kibarua wa siku hizi kwa kawaida ni mtu asiye na maandishi yoyote yanayoonyesha nani amemwajiri, kwa kazi gani na kwa ujira upi.

Makala haya yanamtazama kibarua mmoja mahususi: yule anayeshika jembe, sepetu na chekeche katika uchimbaji wa akiolojia unaotangulia ujenzi wa barabara, njia za umeme na miundombinu mingine. Kazi hiyo tunaiita akiolojia ya mikataba. Ni tofauti na akiolojia ya vyuo vikuu, ambayo huanza na swali la kitafiti. Akiolojia ya mikataba huanza na ratiba ya mkandarasi. Mtu hulipwa ili achunguze, achimbe na kuokoa mabaki ya kale kabla ya tingatinga kufika, na mwisho wa kazi hiyo ni ripoti inayoruhusu ujenzi uendelee.

Arua na Koboko ni mahali panapofaa kwa uchunguzi huu. Barabara ya Vurra–Arua–Koboko–Oraba, yenye kilomita 92, inaanzia mpaka wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na kuishia mpaka wa Sudan Kusini. Iliwekwa lami katika miaka ya 2010 chini ya mradi wa sekta ya usafiri uliogharamiwa na Benki ya Dunia. Mwaka 2020 Benki hiyo iliidhinisha dola za Marekani milioni 130.8 kwa ajili ya barabara ya Koboko–Yumbe–Moyo, yenye takriban kilomita 105. Njia ya umeme ya kilovolti 132 imefika Arua kutoka Kole kupitia Gulu na Nebbi. Juu ya hayo, makazi ya wakimbizi ya Rhino Camp, Imvepi, Lobule na Bidibidi yamefungua ardhi kubwa kwa visima, shule na barabara. Kila mmoja wa miradi hiyo unakata udongo, na udongo wa eneo hili umebeba makaburi, vigae vyenye nakshi ya kamba na mavi ya chuma yaliyoachwa na wahunzi wa zamani.

Uchambuzi unategemea sheria za Uganda, sera za wafadhili na maandiko ya kihistoria yaliyochapishwa. Swali ni moja: pale ambapo sheria inataka historia iokolewe, nani anawajibika kwa mtu anayeiokoa?

2.0 Nile Magharibi kama hazina ya vibarua

Ujira wa mchimbaji wa leo hauwezi kueleweka bila kurudi nyuma karne moja. Sehemu ya kusini ya Lado, iliyokuwa mikononi mwa Mfalme Leopold II wa Ubelgiji hadi kifo chake mwaka 1909, ilirudishwa Sudan na kisha kuhamishiwa Uganda mwaka 1914. Arua ikawa boma la utawala mwaka huohuo. Kodi ikafuata, na kodi ilidaiwa kwa fedha taslimu. Kwa Walugbara, Wakakwa, Waalur na Wamadi waliokaa mbali na masoko ya pamba ya kusini, njia iliyokuwa wazi zaidi ya kupata fedha hiyo ilikuwa kuuza nguvu zao.

Wanunuzi wa nguvu hizo walikuwepo. Kiwanda cha sukari cha Lugazi kilianza mwaka 1924 na cha Kakira mwaka 1930. Vijana wa Nile Magharibi waliteremka hadi bandari za mtoni kama Rhino Camp na Pakwach, wakavuka kuelekea Bunyoro, Buganda na Busoga. Wengine walichukuliwa na jeshi la King's African Rifles, ambamo Kiswahili kilikuwa lugha ya amri. Hadi leo kumbukumbu ya jeshi ni sababu mojawapo ya Kiswahili kusikika Arua na Koboko, kando ya Kilugbara, Kikakwa, Kinubi na Lingala. Mwanaanthropolojia John Middleton, aliyefanya utafiti kati ya Walugbara kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1940, aliona uhamaji huo kuwa jambo zito kiasi cha kuuandikia peke yake.

Mfumo huo ulikuwa na hesabu yake. Mwajiri wa kusini alimlipa kibarua kana kwamba ni mtu mmoja asiye na familia, kwa kudhani kwamba mke na watoto walilishwa na shamba la nyumbani. Kwa hiyo ujira haukupimwa kwa gharama ya maisha ya kaya, wala kwa ustadi wa mkono. Ulipimwa kwa kiasi cha chini kabisa ambacho mtu angekubali kuondoka nyumbani kwake. Hesabu hiyo ndiyo urithi mzito zaidi wa zama zile katika suala letu, kwa sababu ilidumu hata pale kazi ilipokuja hadi mlangoni. Kijana anayechimba leo kando ya barabara ya Koboko hajasafiri kwenda Kakira. Lakini anayeweka bei ya siku yake bado anadhani kwamba nyumbani kuna muhogo.

3.0 Wachimbaji kabla ya mikataba

Sayansi za ardhini katika Afrika Mashariki zilizaliwa ndani ya mfumo huohuo wa kazi. Mfano ulio wazi ni wa Tendaguru, karibu na Lindi. Kati ya mwaka 1909 na 1913, msafara wa makumbusho ya Berlin ulichimba hapo mifupa ya dinosaria. Hiyo haikuwa akiolojia, lakini mpangilio wake wa kazi ndio ulioigwa baadaye na wengi. Katika kilele chake uchimbaji huo uliajiri mamia ya Waafrika, na zaidi ya tani 200 za mifupa zilibebwa na wapagazi hadi pwani. Hayo yalitokea miaka michache tu baada ya Vita vya Maji Maji kuiacha kusini ya nchi katika njaa. Msimamizi mkuu wa wachimbaji, Boheti bin Amrani, anatajwa kwa jina katika kumbukumbu za msafara. Walio wengi sana wamebaki idadi tu.

Nusu karne baadaye ustadi wa wachimbaji ulianza kutambuliwa, ingawa kwa watu wachache. Kamoya Kimeu wa Kenya alianza mwaka 1960 kama kibarua wa akina Leakey. Mwaka 1984 aligundua kando ya Ziwa Turkana, mahali paitwapo Nariokotome, kipande cha kwanza cha mifupa ya kijana wa kale ambaye sasa anajulikana duniani kote. Historia yake inathibitisha jambo ambalo bajeti za miradi hulisahau: uchimbaji ni ujuzi. Jicho linalotofautisha mfupa na jiwe, na mkono unaohisi udongo umebadilika kabla ya rangi kubadilika, hujengwa kwa miaka. Ujuzi wa namna hiyo hudumu pale tu anayeujua ana sababu ya kurudi kazini msimu ujao.

Nile Magharibi nayo ina uchimbaji wa kitafiti. Ngome ya Dufile, kando ya Nile katika wilaya ya Moyo, ilianzishwa katika miaka ya 1870 wakati wa Charles Gordon na ikawa kituo cha Emin Pasha hadi mapigano na jeshi la Mahdi mwaka 1888. Katika miaka ya 2000, Merrick Posnansky na wenzake walifanya utafiti wa kiakiolojia hapo. Kazi ya aina hiyo huwa na msimu, mkuu anayejulikana na chuo kinachojibu. Tunaitaja kwa sababu moja: inaonyesha kilichobadilika pale uchimbaji ulipohama kutoka kwenye msimu wa mtafiti kwenda kwenye ratiba ya mkandarasi.

4.0 Kuzaliwa kwa soko, 1995–2023

Uganda ilikuwa na Sheria ya Kumbukumbu za Kihistoria ya mwaka 1967, iliyolinda maeneo na vitu vya kale. Sheria hiyo peke yake haikuunda soko. Kilicholiunda ni sheria ya mazingira ya mwaka 1995 pamoja na kanuni za tathmini ya athari kwa mazingira za mwaka 1998. Tangu hapo mradi mkubwa haukuweza kuanza bila tathmini, na urithi wa kitamaduni ukaingia ndani ya tathmini hiyo. Sheria ya Taifa ya Mazingira ya mwaka 2019 na kanuni zake za mwaka 2020 ziliendeleza utaratibu huo. Hatimaye Sheria ya Makumbusho na Kumbukumbu ya mwaka 2023 ilichukua nafasi ya ile ya 1967.

Msukumo wa pili ulitoka kwa wafadhili. Mwaka 2006 Benki ya Dunia ilitoa sera yake ya mali za kitamaduni zinazoshikika, iliyomtaka mkopaji achunguze eneo la mradi na awe na utaratibu wa kushughulikia vitu vinavyofukuliwa bila kutarajiwa. Barabara ya Vurra–Oraba ilijengwa chini ya utawala wa sera hizo za zamani. Kuanzia Oktoba 2018 Benki ilianza kutumia mfumo mpya wenye viwango kumi, na barabara ya Koboko–Yumbe–Moyo iko chini ya mfumo huo. Viwango viwili vinahusika hapa. Kiwango cha 2 kinahusu kazi na mazingira ya kazi. Kiwango cha 8 kinahusu urithi wa kitamaduni. Taasisi ya Benki hiyo inayokopesha sekta binafsi nayo ina viwango vyenye namba hizohizo kwa masuala hayohayo.

Msomaji wa nyaraka hizi ataona jambo la ajabu. Kiwango cha 8 kinaeleza kwa makini namna ya kutunza kaburi, kigae na mahali patakatifu, na kinataka wataalamu wenye sifa watumike. Kiwango cha 2 kinaeleza kwa makini mikataba, ujira, usalama na malalamiko ya wafanyakazi, wakiwemo wa wakandarasi. Viwango hivyo viwili vinakaa katika kitabu kimoja, lakini katika utekelezaji husomwa na watu tofauti. Mtaalamu wa urithi husoma cha 8. Afisa wa kazi wa mkandarasi husoma cha 2. Mchimbaji wa akiolojia yuko kwenye mstari unaowatenganisha, na kila upande huona kwamba ni wa upande mwingine.

5.0 Mlipaji bila mwajiri

Tufuate fedha. Serikali hukopa. Fedha huenda kwa mkandarasi au mshauri elekezi, naye huikabidhi kazi ya mazingira kwa kampuni ya ushauri. Kampuni humtafuta mwanaakiolojia, mara nyingi kwa bei ya jumla. Mwanaakiolojia huchukua wahitimu wachache wa vyuo kuwa wasaidizi, na wasaidizi hukusanya vibarua kutoka kijiji kilicho karibu, pengine kwa msaada wa mwenyekiti wa kijiji. Katika mnyororo huu ni rahisi kumtaja mlipaji wa kwanza: kanuni ya kwamba anayeharibu ndiye anayegharamia imeshatambuliwa. Lakini mwajiri wa mtu aliye shimoni ni nani? Msaidizi aliyemwita? Mwanaakiolojia aliyetia saini ya kibali? Kampuni iliyolipwa? Mkandarasi?

Bei ya jumla ina mantiki yake. Gharama ya mafuta ya gari haipungui kwa maombi. Ada za vibali hazijadiliwi. Maabara inayopima umri wa makaa kwa kaboni ina bei yake. Vitu viwili tu vinaweza kubanwa: idadi ya siku na ujira wa siku. Hivyo kila ngazi inapopunguza bei ili ishinde zabuni, punguzo huteremka hadi chini kabisa. Wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini. Katika mnyororo huu anayechumia juani ni mmoja na anayelia kivulini ni mwingine.

Sheria ya nchi haikumzuia anayebana. Kima cha chini cha mshahara kilichowekwa Uganda mwaka 1984 ni shilingi 6,000 kwa mwezi. Ukigawanya kwa siku 26 za kazi, ni takriban shilingi 230 kwa siku, kiasi ambacho hakina maana yoyote sokoni leo. Bodi ya ushauri wa kima cha chini ilipendekeza shilingi 136,000 kwa mwezi mwaka 2017, yaani takriban 5,230 kwa siku. Mwaka 2019 Bunge lilipitisha muswada wa kuweka utaratibu mpya wa kima cha chini, lakini Rais hakuutia saini. Kwa hiyo bei ya siku ya mchimbaji huamuliwa na jambo moja tu: ni wangapi wengine wamesimama kando ya barabara wakisubiri kuitwa. Katika eneo lenye vijana wengi na wakimbizi wengi, jibu linajulikana kabla ya mazungumzo kuanza.

Ujira si shilingi pekee. Katika Nile Magharibi mvua hunyesha kuanzia Aprili hadi Novemba, isipokuwa vipindi vifupi. Anayelipwa kwa siku hulipwa siku aliyochimba. Siku ya mvua shimo hufunikwa kwa turubai naye hurudi nyumbani mikono mitupu. Hatari ya mvua, ambayo mkandarasi huiwekea kifungu katika mkataba wake mwenyewe ili aongezewe muda, imebebeshwa mtu mwenye uwezo mdogo kuliko wote wa kuibeba. Hatari ya shimo kuporomoka, ya vumbi la chekeche na ya magari yapitayo kasi kando ya eneo la kazi ni za namna hiyohiyo. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006 na Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2000 zinamhusu kila mwajiri. Zinapomtafuta mwajiri katika mnyororo tuliouona, kila ngazi huelekeza kidole kwa ngazi nyingine.

Kuna pia mzigo usio na bei. Kwa Walugbara na Wakakwa wafu huzikwa nyumbani, na ukoo huendelea kuwaheshimu wazee wake hapo. Barabara inapopanuliwa, kaburi linalohamishwa huwa la ukoo unaoishi mita chache kutoka hapo, na vibarua hutoka kwenye vijiji hivyohivyo. Mtu anaweza kulipwa ujira wa siku kwa kufukua mifupa ya ndugu wa babu yake. Mipango ya urithi hutenga fidia kwa ukoo na gharama za tambiko. Ni nadra kuuliza ikiwa mchimbaji ana haki ya kukataa kazi hiyo bila kupoteza siku yake.

Wahitimu wa akiolojia wanaosimamia vibarua hawako mbali sana na hali hiyo. Mikataba yao huhesabiwa kwa wiki. Kati ya mradi na mradi hakuna mshahara, likizo wala mchango wa hifadhi ya jamii. Wengi huandika sehemu za ripoti ambayo mwishowe hubeba jina la kampuni peke yake. Mwenye kipaji huondoka, akatafuta kazi katika shirika la misaada linalohudumia wakimbizi, na ujuzi alioupata mashimoni huondoka naye.

6.0 Ujira na thamani ya ushahidi

Mtunga sera anaweza kusema kwamba hayo ni masuala ya kazi, si ya historia. Makala haya yanapinga mtazamo huo.

Uchimbaji hauwezi kurudiwa. Tabaka likishaondolewa limeondoka, na kinachobaki ni kile kilichoonekana, kilichotiwa mfukoni na kuandikiwa lebo. Vigae vikubwa huonekana na yeyote. Shanga, mbegu iliyoungua, kipande cha makaa na mfupa wa samaki huonekana na mtu asiye na haraka, anayejua anachokitafuta na asiyeogopa kusema kwamba kazi isimame. Kibarua anayepimwa kwa kina cha shimo hadi jioni ana sababu ya kutokisema alichokiona, kwa kuwa kila kisimamo kinaweza kumfanya aonekane mvivu. Asiye na uhakika wa kuitwa kesho hana sababu ya kujifunza leo kutofautisha nakshi za vigae.

Matokeo yake ni upungufu tusioweza kuuona katika ripoti. Nile Magharibi ina nafasi ndogo katika historia ya kale ya Uganda ikilinganishwa na Bigo na Ntusi za kusini-magharibi. Barabara na nyaya za umeme zimeleta fursa adimu ya kuchunguza ardhi yake kwa kilomita nyingi mfululizo. Iwapo fursa hiyo inapita mikononi mwa watu wanaolipwa ili wamalize upesi, basi sehemu ya historia ya eneo hili inapotea katika mchakato uleule uliowekwa ili kuiokoa.

7.0 Funzo la mwaka 2015

Mnamo Desemba 2015 Benki ya Dunia ilifuta ufadhili wa mradi wa sekta ya usafiri wa Uganda. Ulikuwa mradi uleule uliogharamia barabara ya Vurra–Arua–Koboko–Oraba. Kiini cha uamuzi huo kilikuwa barabara nyingine, ya Kamwenge hadi Fort Portal, ambako kulikuwa na madai mazito ya unyanyasaji wa kingono uliofanywa na wafanyakazi wa mkandarasi, pamoja na uvunjaji wa masharti kuhusu wafanyakazi, jamii na mazingira.

Jambo la kusisitiza ni hili: mradi huo haukufutwa kwa sababu ya ubora wa lami. Ulifutwa kwa sababu ya jinsi watu walivyotendewa katika ujenzi wake. Kabla ya hapo masuala ya wafanyakazi yalionekana kuwa ya mkandarasi, yaliyo mbali na mkopaji. Baada ya hapo ilidhihirika kwamba minyororo mirefu ya mikataba haimwondolei aliye juu wajibu wa yanayotendeka chini. Funzo hilo limeingizwa katika usimamizi wa wafanyakazi wa ujenzi. Ni lazima lifike pia kwenye mashimo ya akiolojia, ambayo ni sehemu ya mradi uleule na fedha zilezile.

8.0 Wengine walikabili vipi

Nchi zilizotangulia katika akiolojia ya mikataba zilipita njia hii. Uingereza, kwa mwongozo wa mipango miji wa mwaka 1990, ilimtaka mwendelezaji ardhi agharamie uchimbaji. Ushindani wa zabuni ukafuata, mishahara ikabanwa, na chama cha wataalamu kikalazimika kuweka viwango vya chini kwa taasisi zilizosajiliwa kwake. Ufaransa ilichukua njia nyingine: kwa sheria ya mwaka 2001 iliunda taasisi ya umma, iliyoanza kazi mwaka 2002, ambayo ndiyo mwajiri wa wachimbaji wa akiolojia ya uokoaji. Hata baada ya mwaka 2003, kazi hiyo ilipofunguliwa kwa washindani, mwajiri wa umma alibaki.

Uganda haina haja ya kunakili mojawapo. Funzo ni kwamba soko halikujirekebisha lenyewe popote. Ama chama cha taaluma kiliweka sakafu ya ujira, ama dola ilimtaja mwajiri.

9.0 Mapendekezo

Hatua zifuatazo zinaweza kuchukuliwa bila kutunga sheria mpya ya Bunge.

Kwanza, kibali cha uchimbaji kinachotolewa na mamlaka ya makumbusho kitaje mwajiri mmoja wa wachimbaji wote. Bila jina hilo, kibali kisitolewe.

Pili, ujira wa wachimbaji uwe mstari wake wenyewe katika jedwali la gharama, usioshindaniwa katika zabuni. Tuchukue mfano wa kufikirika: wachimbaji 20, siku 60, shilingi 20,000 kwa siku. Jumla ni shilingi milioni 24. Kwa kiwango cha shilingi 3,700 kwa dola, ni takriban dola 6,500. Katika mradi wa dola milioni 130.8 hiyo ni sehemu moja kati ya elfu ishirini hivi. Hoja kwamba ujira bora utaua miradi haina msingi wa kihesabu. Siku za mvua zilipwe angalau nusu, kutoka katika mstari huohuo.

Tatu, kila mchimbaji apewe barua: jina lake, la mwajiri, kazi, ujira, na mahali pa kupeleka malalamiko, kwa lugha anayoisoma, iwe Kilugbara, Kikakwa, Kiswahili au Kiingereza. Kanuni za Ajira za mwaka 2011 zinasema kibarua aliyetumikishwa mfululizo kwa miezi minne ana haki ya mkataba wa maandishi. Miradi ya akiolojia huwa mifupi kuliko hapo, kwa hiyo kungoja miezi minne ni sawa na kutompa kabisa. Kwa upande wa hifadhi ya jamii, marekebisho ya sheria ya mwaka 2022 yameondoa kisingizio cha uchache wa wafanyakazi: sasa kila mwajiri anapaswa kuchangia.

Nne, mpango wa usimamizi wa urithi na utaratibu wa usimamizi wa wafanyakazi visomwe pamoja. Mshauri wa serikali anayepitia kimoja aulize ukurasa gani wa kingine unawataja wachimbaji.

Tano, majina ya wachimbaji, kwa ridhaa yao, yaandikwe katika ripoti, na wilaya za Arua na Koboko pamoja na Jiji la Arua zitunze orodha ya waliokwisha kufunzwa. Aliyechimba vizuri Vurra aitwe pia kazi itakapoanza njia ya Moyo.

10.0 Hitimisho

Historia tuliyoifuata ina mwendelezo usiofurahisha. Mwaka 1924 mtu wa Nile Magharibi alihesabiwa kwa nguvu zake akielekea kwenye mashamba ya miwa. Karne moja baadaye anahesabiwa vivyo hivyo akichimba historia ya nyumbani kwake. Katikati ya nyakati hizo dola, wafadhili na wataalamu waliandika sheria nyingi nzuri za kulinda vigae na makaburi, na hakuna iliyotamka wazi nani amemwajiri anayevifukua. Vigae vinavyotoka shimoni huandikiwa lebo siku hiyohiyo: mahali, kina, tarehe, jina la eneo. Aliyevitoa anastahili angalau maandishi yenye uangalifu huohuo.

Kibarua wa pwani ya zamani, pamoja na dhuluma zote zilizomzunguka, alishika mkononi karatasi iliyothibitisha kwamba siku yake ilikuwa na deni. Si mengi kuomba kwamba mchimbaji wa Koboko arudishiwe karatasi hiyo.